Nyota Kumi na Tisa za Mchana

Mnaponiuliza niliwezaje kufundisha mambo ya angani miaka yote ile bila darubini, nacheka. Darubini ya nini? Nilikuwa na beseni la bati, kipande cha kioo, fimbo, na watoto hamsini na kitu wenye macho mazima. Direkta wetu alikuwa na ufunguo wa kabati ambalo, alisema yeye, ndani yake mlikuwa na ramani kubwa ya nyota. Siku kufuli ilipovunjika tukakuta ufagio na viatu vya mtu, mguu mmoja wa kulia na mwingine wa kulia. Kwa hiyo ninyi walimu vijana mnaoanza leo darasa la saba na la nane, msinililie vifaa. Nililieni kwa jambo jingine, nitalifikia.

Kwanza niwaambie kuhusu Jupita iliyoliwa. Mwaka wangu wa kwanza nilipanga sayari mezani: papai lilikuwa Jupita, chungwa likawa Saturni, ndimu ikawa Dunia, karanga moja ikawa Merkuri. Nilikuwa najivuna sana. Inspekta akaniita nje kidogo kusaini karatasi, na niliporudi Jupita haikuwepo. Zilibaki mbegu dirishani. Nikauliza kwa sauti ya kutisha, nani amekula Jupita? Mwishowe sauti moja ikasema, "Madamu, ilikuwa imeshaiva." Tangu siku ile sayari zangu zote zilikuwa za mawe, na somo la sayari nililiweka baada ya mapumziko, watoto wakiwa wamekula.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Tata Mutombo, mzee wa asili ya Kasai ambaye baba yake aliletwa huku kufanya kazi ya mgodi. Alikuwa amefundisha tangu enzi za shule za kampuni, na suruali yake ilikuwa na mkunjo uliosimama hata siku za mvua. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba kabla ya kutamka neno lolote unaita majina, jina kwa jina, na unangoja kila mmoja ajibu. "Mutoto mwenye hajaitikia jina yake hajafika bado," alikuwa akiniambia, "hata kama unamuona." Alinionyesha kupima mwendo wa jua kwa kivuli cha fimbo uani. Alinionyesha kuegemeza kioo ndani ya beseni la maji kwenye jua la asubuhi, mpaka rangi zote za mwanga ziruke ukutani, nyekundu hadi zambarau. Watoto wakiziona hupiga kelele utadhani timu yao imefunga bao.

Na ni Tata Mutombo aliyenipa ile sentensi. Alikuwa nayo kwenye kayee yake ya zamani, daftari la ualimu, ameinakili kwa Kifaransa kutoka kitabu fulani: mtu akiwa chini kabisa ya puits yenye kina kirefu, ataona nyota mchana kweupe. Aliipenda mno. Nami nikaipenda, nikaifundisha mwaka hadi mwaka, bila yeye wala mimi kuwahi kushuka hata mita moja kutazama. Alinionya mara mia nisiseme kitu ambacho sijakishika mkononi, na sentensi ile tuliishika wote wawili kwa mdomo tu.

Sikilizeni sasa neno lenyewe. Kwa aliyeandika kitabu, puits ni kisima cha maji. Hapa kwetu Kolwezi, nani anasema puits akimaanisha maji? Puits ni shimo la wachimbaji. Iko nyuma ya ukuta wa jirani, imefunikwa mabati. Iko uani kwa shangazi. Baba anashuka humo asubuhi akiwa na torchi kichwani, na mpira wa hewa unamfuata kutoka kwenye compresseur inayonguruma juu. Kama ningesema kisima, hakuna mtoto ambaye angenyanyua mguu. Mimi nilisema puits.

Tena nilisema kwa furaha, kwa sababu puits ilikuwa imeniokoa. Nilikuwa nimehangaika siku nzima kueleza jinsi watu wanavyotoka nje ya chombo kule angani: vazi zito, taa kofiani, hewa ya mpira, giza kila upande, na ukikatika mpira ndiyo basi. Watoto wananitazama tu. Halafu mmoja akasema, "Kumbe ni sawa creuseur!" Sawa na mchimbaji! Darasa zima likaelewa kwa pamoja. Toka hapo nikafundisha anga nzima kwa mgongo wa wachimbaji, na nikajiona mwerevu. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakusema kwamba anaweza kumtanguliza mtoto wa mtu.

Mtoto mwenyewe ni Kapinga. Alikuwa na miaka kumi na miwili, akikaa safu ya pili karibu na dirisha, msichana mwembamba asiyependa kuazima kalamu yake. Baba yake alikuwa ameshuka kwenye puits moja nje ya mji, yeye na wenzake, na ardhi ikawafunga. Hawakutolewa. Mvua zilikuwa zimenyesha misimu miwili juu yao. Nililijua hilo, kila mtu mtaani kwetu Manika alilijua, na bado siku aliponyoosha mkono sikulisikia swali lake.

"Madamu," aliuliza, "mutu akikuwa chini kabisa, na akikuwa kule siku mingi, ataona nyota zote?"

Nikajibu upesi kama muuza maandazi: "Zote. Mchana na usiku."

Akainama, akaandika. Nami nikaendelea kuwafundisha namna ya kuhesabu nyota, maana hili nalo ni ufundi. Unafumba macho kwanza, unahesabu polepole mpaka mia mbili, ili jicho lizoee giza. Ukifumbua, unahesabu kwa sauti ili usirudie ile ile. Mkononi una mawe madogo. Kila nyota kumi unahamisha jiwe moja kwenda mfuko wa pili. Kapinga aliniuliza mawe yawe mangapi. Nikasema kumi yanatosha.

Majuma hayo darasa letu lilikuwa na tabia. Chaki ilikuwa ikibingirika yenyewe kutoka kwenye ubao na kuanguka. Ukiweka mguu peku juu ya saruji ulisikia kitu kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ya tatu. Watoto walikuwa wakicheka, "Bale ba chini banagonga, Madamu." Mimi niliwaambia ni malori. Barabara ilipita karibu na shule, na malori ya shaba yalikuwa yakienda upande wa Fungurume kutwa nzima, yamefuatana. Nilitoa somo zuri sana kuhusu mtikisiko na jinsi unavyosafiri ardhini. Mwalimu hakosi maelezo.

Basi, Alhamisi moja, baada ya mapumziko ya saa nne, nilikuwa nimeanza kuandika ubaoni, wanaume wakaingia mbio uani kwetu. Walikuwa saba, wekundu kwa vumbi mpaka kope, na mmoja alikuwa akitapika huku anakimbia. Mbele alikuwa Tata Ilunga, mkuu wa puits iliyokuwa nyuma ya mabati, barabara tatu kutoka shuleni. Mwanaume mkubwa, mabega kama mlango. Alishika nguzo ya baraza akanitazama kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Mama, fungia batoto. Mu puits yetu muko mufu. Iko nahesabu."

"Anahesabu nini, tata?"

"Siyui! Tulienda kukula, tukarudia. Mutu wetu alianza kushuka, akasikia sauti ya mutoto mwanamuke kule chini. Moya, mbili, tatu, ine... Inafika, inaanza tena. Na pa mulango ya puits kuko viatu, mama. Viatu bila mutu!"

Watoto walikuwa wamejaa madirishani. Sikuwatazama wao. Nilitazama safu ya pili, pale karibu na dirisha, nikaona kayee imefungwa vizuri na kalamu juu yake. Jirani yake akasema kwa sauti ndogo, "Alisema anaenda kuona nyota, Madamu. Alibeba mawe kumi."

Nilikimbia. Mimi niliyekuwa siwezi kupanda ngazi za ofisi ya elimu bila kupumzika mara mbili, niliwapita wale wanaume njiani.

Viatu vilikuwa pale ukingoni, vyeusi vya shule, vimepangwa sambamba, na soksi nyeupe zimekunjwa ndani. Shimo lilikuwa la mraba, upana wa mkeka, na ukutani wamechonga vishimo vya kukanyagia. Jua lilikuwa kali kabisa. Humo ndani mwanga ulishuka kidogo, halafu ukaisha kama umekatwa kwa kisu. Harufu ya udongo mbichi na mafuta ya mashine ilipanda usoni. Nikapiga magoti, nikasikia.

"Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na ine."

Ilikuwa sauti ya darasani, ya mtoto anayefanya kazi aliyopewa. Haikuwa na hofu hata chembe, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi.

"Kumi na ine," ikasema tena. Kisha, polepole, "kumi na ine." Kisha, "kumi... na ine."

Tata Ilunga alikuwa amesimama mbali, mgongo kwenye mabati. "Compresseur ilizimika tangu tulienda kukula," akanong'ona. "Hewa inaisha kule."

"Basi shuka, tata! Ni mwanafunzi wangu!"

"Mama, mi siingie mu puits yenye mufu iko nahesabu. Na weye toka pale, pardon. Mwanamuke hasogeleake puits. Matière itakimbia, madini yote."

"Ikimbie mpaka Musumba kama inataka!" nikamfokea. Lakini nilimwelewa. Watu hawa wanashuka kila siku mahali ambapo wenzao wamebaki. Wakisikia sauti, wana haki ya kuuliza ni ya nani. Kumwambia kwamba ni ya mtoto hakukutosha. Niliita jina la Kapinga mara tatu, na kila mara kutoka chini kulirudi ile namba tu, imelegea zaidi. Sasa hata mimi, niwaambie kweli, nilianza kuogopa kitu nilichokuwa nakiita.

Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Akili ilikuwa imesimama, na mdomo ukashika njia unayoijua. Nikaanza kuita majina, ile appel yetu. Nilianza na la kwanza la orodha, kwa sauti ya kila asubuhi, bila haraka, nikaacha nafasi ya kujibu baada ya kila jina. Banza. Kabwe. Kaj. Wale wanaume walidhani nimerukwa na akili. Chini, namba zilinyamaza.

"Kapinga."

Kisha ardhi ikajibu, wazi kabisa, "Présente, Madamu!"

Mmoja wa wanaume akapiga ishara ya msalaba. Tata Ilunga aliachia bati, akaja hatua mbili, akanitazama mimi, akatazama shimo. Ndipo akasema neno ambalo nimelicheka na kulilia maisha yangu yote: "Mufu hajibuake appel." Akafunga kamba kiunoni, akapaza sauti wawashe compresseur, akashuka.

Alipanda naye mgongoni. Midomo ya mtoto ilikuwa ya kijivu. Tulimlaza kwenye kivuli cha mabati, akatapika, akavuta pumzi, na kitu cha kwanza alichoniambia ni lawama: "Madamu, umeniharibia hesabu." Mkononi mwake wa kushoto bado kulikuwa na mawe tisa, na moja lilikuwa mfukoni.

"Ulihesabu nini, mwanangu?"

"Nyota. Mara ya kwanza nilifika kumi na tisa. Kisha zinachanganyika, sababu zinatembea."

"Zinatembea?"

"Zinafuatana, moya-moya. Polepole." Akanyoosha kidole. Hakukielekeza angani. Alikielekeza sambamba na ardhi, kupita mabati, kupita mipapai ya jirani, upande wa shule yetu.

Tata Ilunga aliwahesabu watu wake kwa macho. Saba, na yeye ndani. Wote walikuwa juu, taa zao zimezimwa. "Kule hakuna njia, mama," akasema. "Ni ukuta tu." Nikamuuliza kama yeye hakuona mwanga wowote. Akainamisha kichwa. "Mama, sikufunguaka macho."

Watu wa mtaa wanajua walishuka wangapi siku ile pamoja na baba yake Kapinga. Sijauliza hadi leo, na ninyi msiniulizie.

Nilimrudisha kwa mama yake, nikaeleza vizuri, kielimu: hewa ikipungua, macho huona cheche. Na kama haikuwa hewa, basi ni kundi jingine lililochimba kutoka upande wa pili. Mama yake alinishukuru, mimi niliyemtumbukiza mtoto wake shimoni. Alinipa maji ya kunywa. Nilishindwa kumtazama.

Lakini njiani kurudi, kile kidole kilinifuata. Kama kuna kundi jingine chini kule, linaelekea wapi? Linaelekea kwa watoto wangu.

Kesho yake, Ijumaa, nilifundisha rangi za mwanga. Kapinga alikuja, alikataa kubaki nyumbani. Niliweka beseni pale jua linapoingia, nikaegemeza kioo, na rangi zikaruka ukutani, nzuri, zimetulia. Watoto wakashangilia. Kisha zikatikisika. Zilitikisika mara tatu, zikatulia, zikatikisika tena mara tatu. Nilingoja kusikia lori. Nikakumbuka kwamba asubuhi ile nilikuwa nimekuja kwa miguu: lori moja lilikuwa limepinduka kwenye rond-point, pale barabara zinapokutana, na barabara ilikuwa imefungwa. Hakuna gari lolote lililopita tangu alfajiri. Nje palikuwa kimya hata ukasikia kuku.

Rangi zikatikisika mara tatu.

Watoto hamsini na kitu walinyamaza kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika historia ya shule ile. Kapinga alikuwa akitazama sakafu. "Banapita," akasema.

Nikawaambia wachukue kayee zao, watoke safu kwa safu, bila kukimbia, bila kuruka. Nilitoka wa mwisho, nikaendeleza somo uani, kando ya choo. Beseni nililiacha.

Direkta wetu alikuwa mtu wa tai na barua. Aliniita. "Madamu, unaogopa maji ya beseni?"

"Ndiyo, tata direkta. Nayaogopa sana."

Akasema ataandika ripoti. Akasema inspekta anakuja, na hawezi kukuta darasa likisoma kando ya choo wakati kuna chumba cha saruji. Akasema kama mimi sikitaki, Jumatatu ataweka humo watoto wa darasa la nane. Hapo nilikasirika kweli. Nilifunga mlango wa chumba, nikaweka ufunguo mahali ambapo mwanaume mwenye adabu hawezi kuutafuta, nikaenda nyumbani. Nilijua kwamba nikikosea nimejivunjia kazi miaka michache kabla ya pensheni. Usingizi sikuupata, si Ijumaa, si Jumamosi, wala Jumapili.

Jumatatu saa tano asubuhi nilikuwa uani na darasa langu. Direkta alikuwa anatafuta fundi wa kuvunja kufuli. Hatukusikia mlipuko wala mshindo. Tulisikia sauti kama ya mtu anayemeza, nene na ya taratibu, na vumbi jekundu likatoka katika madirisha yote kwa pamoja. Kuta zilibaki zimesimama. Sakafu ilikuwa imekwenda, na madawati, na ubao, na beseni langu. Nikahesabu watoto. Nikahesabu tena. Walikuwa wote, na wa darasa la nane wote. Direkta alikaa chini kwenye udongo na suruali yake safi, ameshika tai kwa mikono miwili.

Walimwita Tata Ilunga na watu wake washuke kwa kamba kutazama, maana nani mwingine angeshuka? Alikaa kule robo saa. Alipotoka aliomba maji, akanawa mikono muda mrefu sana, mpaka ndoo ikaisha.

"Njia iko," akaniambia pembeni. "Inatoka upande ya puits yetu, inapita chini ya shule yote. Lakini ni ya zamani, mama. Ya bankambo, babu za babu zetu."

"Kwa hiyo wamekuwa wakipita humo?"

"Mama, mule muko mizizi. Ya ile miti ya barabara. Imetoka ku ukuta huu imeingia ku ukuta ule, minene sawa kidole, njia yote imeziba. Hakuna hata moya yenye imekatwa. Mutu hapitake mule. Hata panya."

"Na kugonga?"

Juma lile lile alijaza puits yake udongo, akaenda kutengeneza taxi-moto, pikipiki za abiria, karibu na soko la Manika. Tukikutana ananisalimia kwa heshima, na tunaongea habari za mvua.

Sasa nimefika kwenye lile jambo. Ile sentensi ilikuwa bado kwenye kayee za watoto hamsini na kitu, katika mji wenye puits kila kona. Kabla Tata Ilunga hajaacha kazi nilimuuliza kama katika maisha yake yote ya kushuka aliwahi kuona nyota mchana. Alicheka mpaka akakohoa. "Mama, kule chini mutu anaona kitu moya tu: mulango ya yulu, kwenye aliingilia. Kadogo, sawa kifungo cha shati." Ilikuwa uongo basi. Uongo wa kitabu, Tata Mutombo akaubeba, Mungu amrehemu, na mimi nikaugawa kama peremende. Ilinipasa kuufuta kabla mtoto mwingine hajavua viatu.

Na nikachelewa. Nilichelewa kwa sababu mama yake Kapinga alikuja shuleni. "Madamu," alisema, "tangu siku ile mutoto analala. Anakula. Zamani alikuwa analia kila siku, anasema baba iko mu giza. Sasa halie tena." Mnaelewa nilivyobanwa? Kama nikifuta sentensi, ninamzimia baba wa mtoto nyota zake zote. Nisipoifuta, nangoja jina la nani? Juma la kwanza nilifundisha Mwezi. Juma la pili nilifundisha tena Mwezi. Watoto wakaanza kunitania kwamba Mwezi wangu hauandami.

Juma la tatu nilisimama mbele yao, katika ukumbi wa parokia tulioazimwa, nikaandika ubaoni: Mchana, mtu akiwa chini ya puits haoni nyota. Mwalimu alikosea. Nikawaambia wafungue ukurasa wa zamani, wakate ile sentensi kwa wino mwekundu. Nilisikia rula zikiwekwa. Sikuwa na ujasiri wa kutazama safu ya pili. Nilipotazama, Kapinga alikuwa amemaliza kukata, mstari ulionyooka kabisa, na mkono wake ulikuwa juu.

"Mi nilijua, Madamu," akasema. "Nilitazamaka yulu kwanza. Hakukuwa nyota hata moya. Mwangaza kadogo tu."

"Sasa mbona hukupanda?"

"Sababu ya zile za chini. Nilipoita ya kumi na ine, ilisimama. Zingine zilipita, ile ilisimama, ikanitazama. Ilibakia pale mpaka uliponiita jina."

Nilianza kumweleza, kwa upole, habari ya hewa mbaya na macho, na ubongo unavyojitengenezea mwanga gizani. Nilieleza vizuri, ninyi wenyewe mngenipa alama zote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama mtoto anavyomsikiliza mkubwa ambaye hajamaliza safari.

"Ya yulu ulikosea, Madamu, na umesahihisha," akasema. "Ya chini haukutufundishaka."

Akaketi, akafungua ukurasa mpya, akashika kalamu, akaningoja nianze.